Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii tumeona tuzungumze juu ya breki za gari. Tunajua baadhi ya mama na dada zetu watalikunja jarida na kusema, "Sheikh leo amepotea njia, breki na sisi wapi na wapi?" Tunawaomba wasituache mapema. Katika habari hii mna dhahabu ya mwanamke, mna watoto wawili walioachwa ndani ya gari, na mna jiwe lenye ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Na aliyeuliza swali lililo bora kuliko yote katika kisa hiki hakuwa fundi, wala dereva, wala sheikh. Alikuwa mama wa nyumba.

Simu kutoka bara

Ilikuwa katika Mfunguo Mosi uliopita, siku chache baada ya sikukuu, tulipopigiwa simu na mpwa wetu, binti wa dada yetu, aliyeolewa bara na kijana Mwislamu mwenyeji wa Nyeri. Wanaishi Wamagana, na riziki yao ni pikapu moja inayobeba viazi na kabichi kutoka kwa wakulima hadi masoko ya Nyeri na Karatina.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Salama, mjomba, ila nakuomba uje. Gari limetaka kuniulia wanangu. Baba yao anasema ni kadari ya Mungu. Mimi kadari siikatai, lakini nauliza: je, kadari ndiyo iliyoing'oa breki ya mkono?"

Swali lile lilitunyima usingizi. Siku ya tatu tulipanda gari la moshi mpaka Nairobi, tukalala kwa jamaa, na asubuhi tukaingia matatu ya Nyeri.

Kwa asiyepajua, Wamagana ni mji mdogo wa soko katika eneo la Tetu, kaunti ya Nyeri, chini ya milima ya Nyandarua ambayo Waingereza waliipa jina la Aberdare. Tetu ndiko alikozaliwa Dedan Kimathi, na huko huko, katika kijiji cha Ihithe, ndiko alikozaliwa Profesa Wangari Maathai aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Mji wa Nyeri wenyewe uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Sisi watu wa pwani, tuliozoea ardhi iliyolala kama mkeka, tukifika kule hushangaa kuwa ni tabu kupata mahali palipo sawa pa kusimamisha gari. Nchi nzima ni migongo na mabonde, mito inateremka kwa kasi kutoka Nyandarua, na barabara nayo hushuka mpaka darajani, kisha hupanda tena, kisha hushuka tena. Mwenye gari la mizigo katika nchi ile hategemea sana injini yake kumfikisha. Hutegemea breki zake kumrudisha.

Yaliyotokea

Usiku ule, baada ya Swala ya Isha, tulikaa sote watatu karibu na jiko la makaa kwa sababu ya baridi, tukamtaka kila mmoja aseme yake bila kukatizwa.

Mkwe wetu alianza. Alisema pikapu yake, kama pikapu nyingi, ilitoka kiwandani na breki za diski mbele na breki za dramu nyuma. Msimu wa masika uliotangulia, akiteremka na shehena ya viazi, alianza kuona kanyagio la breki linazama. Mwanzo lilizama kidogo, kisha likazama zaidi, na siku moja lilikaribia kugusa sakafu, na nyuma kukatoka harufu kama ya nguo iliyoungua kwa pasi. Akaogopa. Akaambiwa na wenzake kuwa dramu ni mambo ya kale, na kwamba dawa ni kuziondoa na kuweka diski magurudumu yote manne. Fundi mmoja wa kando ya barabara akakubali kuifanya kazi kwa spea kuukuu zilizotolewa katika gari jingine. Kilichokosekana kilikuwa fedha.

Hapo akanyamaza, na mkewe akaendelea. Fedha zilitoka katika bangili zake mbili za dhahabu, sehemu ya mahari yake. Alizitoa kwa hiari, kwa kuwa alikuwa akipanda gari lile na watoto kila wiki na alikuwa amechoka kusoma dua tangu juu ya mlima mpaka darajani. Bangili ziliuzwa, diski zikafungwa, na kwa kweli gari lilianza kusimama vizuri. Mume alifurahi, mke naye akafurahi.

Lakini mkono wa breki, ule unaovutwa dereva anapotaka kuliacha gari, ulikuwa sasa umelegea kama mshipi uliokatika. Haukushika chochote. Fundi alipoulizwa alisema, "Tia gia, weka jiwe." Basi kwa muda wa miezi mitano, kila gari liliposimama, mpwa wetu alishuka na jiwe lake na kulitega nyuma ya gurudumu. Alilibeba akiwa na mtoto mgongoni, alilibeba katika mvua na matope. "Mjomba," alituambia, "breki ya mkono nilikuwa mimi."

Siku ya tukio mwenyewe hakuwamo garini. Mume alisimama juu ya mteremko, mbele ya duka, akatia gia na kushuka kuita vijana wa kupakua. Watoto wawili walikuwa kwenye viti vya mbele. Mdogo amelala, na mkubwa, wa miaka mitano, alipiga magoti akashika ule mkono wa gia aliouona baba yake akiuchezesha kila siku. Gia ikatoka. Gari likiwa na mzigo wake likaanza kurudi nyuma polepole, kisha si polepole. Lilikwenda hatua kama ishirini, likagonga ukingo wa udongo uliopandwa majani ya nepia, likatulia. Hatua nyingine chache upande wa kushoto hapakuwa na ukingo. Palikuwa na bonde. Watoto hawakuumia. Alhamdulillahi rabbil-alamin.

Wasomaji wetu wasidhani kuwa tunakuza jambo dogo. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru liliacha barabara kwenye daraja la Nithi, upande wa pili wa Mlima Kenya, likaporomokea mtoni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Waliozungumza siku zile walitaja breki. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililomshinda dereva liliwavamia watu waliokuwa kando ya barabara, wakiwemo wachuuzi wa sokoni, wakafa zaidi ya 50. Kila mmoja wao alikuwa ametoka nyumbani kwake asubuhi akiwa mzima. Mwenyezi Mungu azifariji jamaa zao.

Somo la dramu na diski

Asubuhi tuliteremka Nyeri mjini, kwa mwendo wa konokono, kwenda kwa fundi mwingine ambaye watu walimsifu kwa ukweli wake. Ni mzee wa umri wetu, Mkikuyu, si wa dini yetu, lakini tuliona katika kazi yake ile ihsani tunayoihubiri misikitini. Kabla ya kugusa spana alitaka kuambiwa habari yote, na alipomaliza kumsikiliza mume alimgeukia mke, akamuuliza, "Na wewe, mama, umeona nini ukipanda hili gari?"

Mpwa wetu akajibu kuwa gari likiwa limejaa husimama vyema, lakini likiwa tupu siku ya mvua, dereva akikanyaga kwa ghafla, mkia wa gari huteleza kama wa samaki. Mumewe alimtazama kwa mshangao, hakuwahi kumuuliza. Yule mzee akatikisa kichwa, akasema, "Haya. Sasa najua pa kuanzia."

Kisha akatufundisha, akichora kwa chaki juu ya ubao, nasi tunawapa wasomaji wetu kama tulivyoelewa.

Breki haiumezi mwendo wa gari ukapotea. Inaugeuza kuwa joto, kama viganja vinavyopata moto vikisuguliwa. Basi ubora wa breki ni mambo mawili: kushika, na kulitoa joto lake upesi.

Dramu ni mfano wa sufuria ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vilivyopinda kama hilali, na juu yao mna silinda ndogo. Dereva akikanyaga, mafuta ya breki huisukuma silinda, nayo huvitanua viatu vikasugua ukuta wa sufuria kwa ndani. Uzuri wake ni kwamba mzunguko wenyewe hukivuta kiatu kimojawapo kikazidi kubana, kwa hiyo nguvu ndogo ya mguu hutoa matokeo makubwa. Ubaya wake ni ule mama yeyote anaujua: sufuria iliyofunikwa hutunza joto. Chuma kikipata moto sana hutanuka, ukuta wa dramu ukakimbia mbali na viatu, na kanyagio likazidi kuzama. Nayo dramu ikiingia maji hukawia kukauka.

Diski ni mfano wa sahani ya chuma iliyo wazi, inayobanwa kwa pande mbili na vipande viwili vya kusugua, kama koleo linavyobana kaa la moto. Upepo unaipiga, joto linatoka, maji yanarushwa nje. Ikitanuka kwa joto haizikimbii pedi zake, bali huzisogelea. Lakini haina ule msaada wa kujivuta, kwa hiyo inahitaji msukumo mkubwa zaidi wa mafuta.

Wala diski si jambo la jana. Frederick Lanchester wa Uingereza aliandikisha uvumbuzi wake wa breki ya diski mwaka 1902, na mwaka huo huo ndio Louis Renault wa Ufaransa anaotajwa nao katika habari za dramu. Diski ilingoja nusu karne mpaka magari ya Jaguar yaliyofungwa diski yaliposhinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953, ndipo dunia ikaigeukia. "Kwa hiyo," alisema mzee, "aliyekwambia diski hutoa joto vizuri hakukudanganya. Alikwambia nusu."

Nusu iliyobaki

Nusu ya kwanza iliyofichika ilikuwa nyumbani kwa mkwe wetu, nyuma ya banda la kuku. Dramu za zamani na viatu vyake hazikutupwa. Mzee aliagiza ziletwe, na zilipoletwa akazigeuza mkononi. Viatu vilikuwa vimelika mpaka karibu na chuma, kimoja kimelowa mafuta kwa sababu silinda ya gurudumu ilikuwa ikivuja. Akafungua kichupa cha mafuta ya breki ndani ya gari: yalikuwa meusi kama chai iliyokaa usiku kucha. Akatueleza kuwa mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, na yakishika maji huchemka mapema breki zikipata moto, yakatoa mvuke. Na mvuke hubanwa ukashuka, lakini hausukumi. Ndiyo sababu waundaji wengi wa magari huagiza yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Yale hayakubadilishwa hata siku diski zilipofungwa.

"Dramu zako hazikuwa na kosa," alimwambia mkwe wetu kwa upole. "Zilikuwa zinaumwa, na hazikutibiwa. Ungekuja kwangu siku ile, ningekuwekea viatu vipya, silinda mbili na mafuta mapya, na mama huyu angekuwa na bangili zake mkononi."

Mkwe wetu aliinamisha kichwa. Hapakuwa na aliyemsuta.

Nusu ya pili ilikuwa chini ya gari. Katika pikapu ile, kama katika magari mengi ya namna yake, dramu za nyuma zilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kusimamisha gari pamoja na diski za mbele. Ya pili ni kulishika gari likiwa limeachwa: waya unatoka kwenye mkono wa breki, unakwenda mpaka ndani ya dramu, na kuvitanua viatu vile vile bila kutumia mafuta. Anayeing'oa dramu ameng'oa kazi zote mbili. Diski inaweza kuifanya kazi ya pili, lakini kwa njia zake: ama iwe na dramu ndogo katikati yake yenye viatu vyake vidogo, ama kile kishikio cha pedi kiwe na mkono wa kuvutwa na waya. Vile alivyofungiwa mkwe wetu havikuwa na hiki wala kile.

Kisha mzee akatuonyesha kitu kingine, kijiti cha chuma kilichounganisha ekseli ya nyuma na mwili wa gari, kilichokuwa kimefungwa kwa waya kisicheze. Kazi yake, alisema, ni kupima mzigo. Gari likijaa, mgongo wake hushuka, kijiti kikasogea, na vali ikaruhusu msukumo zaidi wa mafuta kwenda nyuma. Likiwa tupu, vali hupunguza. Kwa nini ipunguze? Kwa sababu gari linapofunga breki uzito wake huinamia mbele; nyuma tupu hubaki nyepesi, na magurudumu mepesi yakibanwa sana hukwama, yakateleza, na mkia ukataka kutangulia mbele. Yule fundi wa kwanza alikifunga kijiti ili diski zipate msukumo mkubwa wakati wote. Na hilo ndilo mpwa wetu alilokuwa akiliona kila siku ya mvua.

Maswali ya kuuliza kabla ya kufungua bolti

Tulimwomba mzee atupe maswali ambayo familia yenye pikapu inaweza kumuuliza fundi yeyote kabla hajaanza kazi kama ile, hata kama wao wenyewe hawajui kushika spana. Alitutajia sita.

Kwanza, ugonjwa wenyewe ni upi? Fundi azifungue dramu zilizopo, aonyeshe viatu, silinda, mipira na mafuta, kabla ya kusema zibadilishwe.

Pili, breki ya mkono itashikwa na nini? Jibu liwe ni kitu kinachoonekana kwa macho, si maneno.

Tatu, silinda kuu, ile inayosukumwa na kanyagio, inatosha kwa diski? Baadhi ya silinda zilizotengenezwa kwa ajili ya dramu zina vali inayobakiza msukumo kidogo katika bomba wakati wote. Msukumo huo ukibaki kwenye diski, pedi hazitaachia. Zitasugua njia nzima, zitapata moto na kulika.

Nne, mgawanyo wa msukumo baina ya mbele na nyuma utarekebishwaje, gari likiwa limejaa na likiwa tupu?

Tano, rimu zilizopo zitaingia? Kishikio cha diski kinaweza kuwa kipana, rimu ikakigusa.

Sita, gari litajaribiwa wapi, na nani atakuwa ndani? Mzee alisema fundi asiyekubali kupanda gari alilolitengeneza, likiwa na mzigo, kwenye mteremko, asilipwe.

Aliongeza jambo moja kwa ajili ya wake za mafundi, nalo tunalifikisha. Kwa miaka mingi viatu vya breki vilitiwa asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, na za zamani bado zimo katika magari kuukuu. Vumbi la dramu lisipeperushwe kwa pampu ya upepo; lilowanishwe na kufutwa. Na nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba wala zisichanganywe na nguo za watoto.

Tena akasema kuwa hakuna breki, ya dramu wala ya diski, inayoweza kuachiwa mlima peke yake. Dereva mwenye mzigo ashuke kwa gia ndogo, injini imzuie, na breki aziguse kwa vipindi zipate kupoa. Anayeshuka akiwa amelaza mguu juu ya kanyagio tangu juu mpaka chini amezichemsha breki zake kabla hajazihitaji.

Sulhu

Yalibaki mambo mawili: kazi ikamilishwe vipi, na haki ya kila mtu iwe wapi.

Kuhusu kazi, mkwe wetu alitaka kurudisha dramu mara moja kwa aibu. Mzee akamzuia. Alisema diski zilizofungwa ni nzima na zimeikubali ekseli. Kilichobaki ni kupata vishikio vyenye mkono wa waya, kuunganisha waya, kukifungua kile kijiti na kukipima upya, na kubadilisha mafuta yote na kutoa hewa kwenye mabomba. Silinda kuu aliikagua, akaridhika nayo. Gharama yake mkwe wetu aliilipa kwa kumuuza ndama wake. Hatukumwambia amuuze; aliamua mwenyewe, na tulimheshimu kwa hilo.

Tulimwendea pia yule fundi wa kwanza. Ni kijana, mwenye watoto, na hakuwa mwizi. Alituambia, "Mzee, mimi niliambiwa nifunge diski, nikafunga." Hili ndilo jambo tunalotaka mafundi wetu wa Kiislamu walifikirie. Katika vitabu vya fiqhi mna mazungumzo marefu ya wanavyuoni juu ya dhamana ya mafundi, wametofautiana katika matawi yake, lakini hakuna aliyesema kuwa mwenye kujua aib ya kazi yake anaruhusiwa kuinyamazia. Mteja hamlipi fundi kwa mikono yake tu; anamlipa kwa kile anachokijua ambacho mteja hakijui. Kijana alisikiliza, na baada ya siku mbili alirudisha ujira wake wa kufunga, akabakiza gharama ya spea. Tukaona ni uadilifu, tukapeana mikono.

Ilibaki dhahabu. Mume alidhani bangili zile zilikuwa msaada, kwa kuwa gari ni la familia. Mke alidhani ni mkopo, lakini aliona haya kusema. Tuliwakumbusha kuwa mahari ni mali ya mwanamke peke yake. Akitoa kwa hiari amefanya wema, na akikopesha ana haki ya kulipwa, na mume hana haki ya kudhania. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu imehusu kuandikiana deni, na haikusema kuwa mume na mke wamesamehewa kalamu. Tulileta daftari la mtoto la shule, wakaandika: bangili mbili, uzito wake, na kwamba zitalipwa kwa msimu wa viazi, mbili kwa misimu miwili. Mpwa wetu alilia kidogo. Hakulia kwa ajili ya dhahabu. Alisema, "Mjomba, nilitaka tu jambo langu lijulikane."

Kumfunga ngamia

Tunarudi kwenye swali lake la kwanza, kama kadari ndiyo iliyoing'oa breki ya mkono.

Waislamu tunaamini kadari, ya kheri na ya shari. Lakini sote tangu madrasa tunakijua kisa cha yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga kisha amtegemee Mungu, na tunalijua jibu alilopewa. Kutawakali kunakuja baada ya kamba. Anayetaja kadari kabla ya kufunga kamba anatafuta pa kuuweka uzembe wake. Tulimwambia mkwe wetu hivyo, mbele ya mkewe, naye akasema, "Nimekosea, sheikh." Kisha akamgeukia mkewe na kumwambia vile vile, na hilo lilikuwa kubwa zaidi.

Wazee wetu husema: usiache mbachao kwa msala upitao. Wapo wanaoitumia methali hii kukataa kila kipya. Sisi hatuisomi hivyo. Msala mpya ukiwa mzuri, chukua. Ila kabla ya kuutupa mbachao ulioulalia miaka yote, hesabu kwanza kazi zake zote. Huenda ulikuwa unauswalia, na usiku unamfunika nao mtoto.

Siku ya kuondoka, gari lilikuwa tayari. Mzee fundi alikuja nalo mwenyewe mpaka Wamagana, likiwa na magunia ya viazi, akalisimamisha pale pale mbele ya duka. Akazima injini, akaacha gia wazi, akavuta mkono wa breki, akashuka na kufunga mlango. Gari halikutikisika. Akaligeuza likatazama chini, akafanya tena. Halikutikisika. Watu waliokuwa sokoni walipiga makofi kama walio arusini.

Mpwa wetu akaliokota jiwe lake alitupe bondeni. Mzee akamwambia, "Hapana, mama. Kwenye mlima kama huu gari lenye mzigo huwekewa breki, gia, na jiwe. Jiwe libaki." Mpwa wetu akasita, amelishika kwa mikono miwili. Mumewe akaja, akalichukua kutoka kwake, akainama na kulitega nyuma ya gurudumu.

Tumepata habari kuwa mpaka leo jiwe lile limo garini, na anayelibeba ni yeye.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na baharini, awape mafundi wetu ukweli, awape waume masikio ya kusikiliza, na awarudishe watoto wetu nyumbani salama. Amin. Wabillahi tawfiq.